Deni la Mtoto Halifutwi na Ugomvi wa Wazazi

Mara nyingi katika parokia zetu za Katanga na za Kivu twaona mama akibisha mlango wa padri, au wa mkubwa wa jumuiya, naye ana neno moja tu: «Tumeachana na baba wa watoto wangu. Watoto watakula nini?» Siku nyingine twaona baba akija na neno lake: «Mimi natoa fedha, lakini nikienda kuwaangalia watoto wangu, nafungiwa mlango.» Wote wawili wana hasira, na wote wawili wataka tuseme ni nani mwenye haki.

Leo hatutahukumu kosa lililowatenganisha watu hao. Mafundisho ya Eklezia juu ya ndoa yajulikana: ndoa ya wakristu ni kifungo ambacho mwanadamu hana ruhusa ya kukikata. Twawaombea wote waliotengana wapate kupatana tena. Lakini wako waliotengana kweli, na wako waliozaa watoto bila kufunga ndoa hata kidogo. Katika nyumba hizo zote mtoto yupo. Saa sita ikifika aona njaa kama watoto wengine. Haulizi kwanza ni nani aliyeanza ugomvi.

Basi, tuseme juu ya mtoto huyo.

MADENI MAWILI

Tutoe mfano. Si habari ya mtu fulani tunayemjua kwa jina. Tumeutunga kwa mambo yanayoonekana pahali pengi.

Fundi mmoja wa magari akaa Likasi. Mkewe auza unga sokoni. Wana watoto watatu: kijana wa miaka 13, aliyeanza shule ya sekondari, msichana wa miaka 9, na mdogo wa miaka 4. Ugomvi ukaingia nyumbani. Mume asema mkewe alimtukana mama mkwe mbele ya watu. Mke asema mume ana mwanamke mwingine. Siku moja mke akafunga vitu vyake, akawachukua watoto, akarudi kwa ndugu zake Kambove.

Miezi mitatu ya kwanza baba alituma unga na malipo ya masomo. Mwezi wa nne akasikia kwamba mwanamume fulani aonekana nyumbani kwa yule mama. Akasema: «Mimi sitalisha mwanamume mwingine kwa unga wangu.» Akaacha kutuma. Mama akajibu: «Vema. Nawe watoto hutawaona.» Siku ya kukagua malipo, yule kijana akarudishwa nyumbani pamoja na wengine wasiolipa. Akapanda lori, akaenda kwa baba yake kwenye karakana. Baba akasema: «Mwambie mama yako akutafutie fedha kwa huyo mtu wake.» Kijana akarudi kwa mama yake, hakusimulia neno. Juma lililofuata hakwenda shule tena. Alikwenda mtoni kuosha mawe ya madini pamoja na watoto wengine, apate franka chache za kununua mkate.

Sasa tuulize: ni nani aliyeshinda? Baba alitaka kumwadhibu mke. Mke alitaka kumwadhibu mume. Adhabu zote mbili ziliangukia mgongo wa mtoto ambaye hakumtukana mtu wala hakumwacha mtu.

Kosa la wazazi hao ni moja: wamechanganya madeni mawili. Deni la kwanza ni lile la mume na mke kati yao: matusi, uzinzi, mali iliyotolewa, vyombo vya nyumbani. Yafaa deni hilo lizungumzwe mbele ya wazee, mbele ya padri, au mbele ya hakimu. Deni la pili ni la mtoto. Mwenye kudai ni mtoto mwenyewe, na wenye kudaiwa ni wazazi wote wawili. Mtu akiwa na deni kwa Petro, hawezi kusema: «Sitamlipa Petro, kwa sababu Yohane amenikosea.» Kila mtu angemcheka. Lakini baba anayezuia unga kwa sababu ya kosa la mama asema neno lile lile. Vivyo hivyo mama anayemficha mtoto kwa sababu unga haukufika. Mtoto ana haki ya kula, tena ana haki ya kumjua baba yake. Haki hizo mbili haziuziani.

DESTURI ZA MABABU

Wako wanaotafuta mlango wa kutokea katika desturi. Twajua kwamba katika nchi yetu desturi za ukoo si za namna moja. Kwa Waluba wa Katanga na kwa Washi wa Kivu, mtoto ahesabiwa katika ukoo wa baba. Kwa Wabemba, Walamba na Watabwa, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana neno kubwa juu yake.

Sasa sikilizeni namna watu wanavyozigeuza desturi hizo. Mmoja wa ukoo wa baba asema: «Nilitoa mali ya ndoa, ng'ombe au fedha, watoto ni wangu.» Awanyang'anya kwa mama, kisha awapeleka kwa dada yake mjini, wala hatumi hata chumvi. Mwingine, wa ukoo wa mama, asema: «Kwetu watoto ni wa mjomba, basi mjomba awalishe.» Wa kwanza ataka watoto bila mzigo. Wa pili autupa mzigo kwa kisingizio cha watoto kuwa wa watu wengine. Desturi zao ni mbali mbali, lakini sahani ya mtoto yabaki tupu pande zote mbili.

Je, mababu walifundisha hivyo? Hapana. Aliyewachukua watoto aliwatia katika shamba lake na ghala yake. Mjomba mwenye amri juu ya mtoto alikuwa na kazi ya kumlinda na kumsaidia. Tena mtoto wa kijijini hakukosa nyanya, shangazi, au mama mdogo wa kumwita wakati wa kula. Anayeshika amri ya desturi na kuutupa mzigo wake hafuati desturi. Aikata vipande viwili na kuchukua kile kinachompendeza.

Mali ya ndoa nayo haikununua watoto. Ilikuwa alama ya mapatano kati ya jamaa mbili. Jamaa hizo zikisha kugombana, zaweza kuhesabiana ng'ombe na fedha. Chakula cha mtoto kisitiwe katika hesabu hiyo.

KWA NINI UGOMVI HUU UMEZIDI?

Wazee wa miji ya Katanga wakumbuka siku za posho. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilitaka wafanyakazi wakae kambini pamoja na jamaa zao. Posho ya unga ilipimwa kwa hesabu ya mke na watoto. Baada ya Serikali kuichukua kazi hiyo mwaka 1967, ikawa Gécamines, na watu waliendelea kungoja unga wa kampuni. Hatusemi kwamba maisha ya kambini yalikuwa paradizo. Mengi yaliwaumiza watu. Lakini jambo moja lilikuwa wazi: unga wa mtoto ulikuwa na kipimo chake, ukihesabiwa mbali na fedha za mfukoni mwa baba.

Kisha kampuni ikaanguka. Miaka ya 1990 mishahara ilikawia miezi na miezi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Wengine walianza biashara, wengine walikwenda kuchimba madini kwa mikono huko Kolwezi na pahali pengine. Mchimbaji apata leo, akosa kesho. Akaa mwezi mmoja hapa na mwezi wa pili kule. Huko Kivu vita imewatawanya watu wengi, hata baba hajui watoto wako upande gani. Mama naye ameanza kuilisha nyumba kwa sinia ya mikate, kwa makaa, au kwa shamba la kukodi.

Haya yote twayaelewa. Umaskini ni mzigo wa kweli. Lakini tusichanganye baba asiye na kitu na baba mwenye kitu asiyetaka kutoa. Wa kwanza yafaa asaidiwe. Wa pili yafaa aamshwe.

SHERIA ZASEMA NINI?

Mtume Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Timoteo, asema neno zito: asiyewatunza watu wa nyumba yake ameikana imani, naye ni mbaya kuliko asiyeamini. Paulo hakuongeza: «isipokuwa amegombana na mkewe.»

Kitabu cha sheria za Eklezia cha mwaka 1983, katika kanuni ya 1136, chawapa wazazi kazi hii nzito kabisa: kumlea mtoto kwa mwili, kwa akili na kwa roho. Tena kanuni ya 1154 yaangalia hasa wazazi waliotengana: baada ya kutengana, yapasa daima kutengeneza vema malisho na malezi ya watoto. Naye Papa Fransisko, katika andiko lake la mwaka 2016 juu ya mapendo ya jamaa, aliwasihi wazazi waliotengana wasimshike mtoto kama mateka katika vita yao.

Sheria za nchi zafuata njia hiyo hiyo. Katiba ya mwaka 2006 yasema kwamba kuwatunza na kuwalea watoto ni haki na wajibu wa wazazi. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, yatangaza katika kifungu cha 591 kwamba kila mtoto wa Kongo lazima awe na baba, tena kwamba hakuna mtu aliye na ruhusa ya kutomjali mtoto wake, amezaliwa katika ndoa au nje ya ndoa. Hakimu akivunja ndoa ya Serikali, ataangalia faida ya watoto katika kuamua watakaa na nani. Naye asiyekaa nao habaki bila kazi, kwani yampasa kuchangia malezi kwa kadiri ya uwezo wake, na ana haki ya kuwatembelea. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto yahesabu kuwa mtoto kila mtu asiyetimiza miaka 18. Sheria hiyo ndiyo iliyoanzisha tribinali za watoto.

Wazazi waangalie neno moja katika sheria hiyo ya 2009: mtoto ana haki ya kuandikishwa katika siku 90 baada ya kuzaliwa. Wengi hudharau karatasi ile. Siku ya ugomvi ndipo wanapojua bei yake. Baba akisema, «Huyu si wangu,» karatasi ya kuzaliwa yenye jina lake itasema badala ya mama.

YAFAA KUFANYA NINI?

Turudi kwa yule fundi wa Likasi na mkewe. Tuseme kwamba wameitikia kukaa pamoja saa moja, mbele ya watu wawili wenye busara: mmoja wa upande wa mume, mmoja wa upande wa mke. Wafanye nini?

Kwanza, wakubaliane kwamba siku hiyo hawatasema juu ya ndoa yao. Anayeanza habari ya matusi au ya mwanamke mwingine, wazee wamnyamazishe kwa upole. Shauri ni moja: watoto.

Pili, wahesabu kwa vitu, wala si kwa maneno. Mtoto akila robo ya kilo ya unga kwa siku, ni kilo 7 na nusu kwa mwezi. Watoto watatu wataka kilo 22 na nusu. Basi mfuko mmoja wa kilo 25 kila mwezi watosha kwa unga wao. Mama ataongeza mboga na mafuta kwa faida ya soko. Kisha sabuni, nguo, dawa. Kisha masomo: tangu mwaka 2019 Serikali ilianza kutekeleza masomo ya bure katika shule za msingi za Serikali, lakini daftari na sare zanunuliwa, na kijana wa sekondari ana malipo yake. Hesabu ikisha kuandikwa, kila mmoja aone sehemu yake kwa kadiri ya mapato yake. Mama naye ni mdaiwa. Akiwa na mapato makubwa kuliko baba, atachukua sehemu kubwa. Na ikiwa watoto wamebaki kwa baba, hesabu ni ile ile.

Tatu, watazame namna ya kutoa. Mwenye mshahara wa mwezi atoe kila mwezi. Mchimbaji na mchukuzi, wanaopata kila siku, watoe kila juma, kwa sababu fedha za mkononi hazilali. Baba asiyemwamini mama kwa fedha aweza kuleta mfuko wa unga mwenyewe, na kulipa masomo shuleni na kuchukua karatasi ya malipo. Hiyo ni bora kuliko kuzuia vyote kwa hofu kwamba vitatumiwa vibaya. Mama naye asikasirike akiulizwa. Awe na daftari, aandike kilichofika na kilichonunuliwa. Anayetuma fedha kwa simu asiufute ujumbe wake. Daftari na ujumbe hukata maneno mengi.

Nne, waweke siku ya baba kuwaona watoto, kwa mfano Jumapili baada ya Misa, nayo isibadilishwe kwa hasira. Baba akikosa unga mwezi mmoja, siku hiyo ibaki. Mama akikosa kumleta mtoto siku moja, unga ubaki. Kila kosa liwe na shauri lake.

Tano, baba aliyepoteza kazi asijifiche. Aje, aseme: «Mwezi huu sina.» Atoe mikono yake badala ya fedha: alime shamba la mama, alete makaa, atengeneze bati linalovuja. Mtoto anayemwona baba yake akitoka jasho kwa ajili yake hatasema kwamba alitupwa.

Na ikiwa mmoja akataa kabisa? Jumuiya ndogo za kikristu, ambazo maaskofu wa Kongo walizichagua mwaka 1961 kuwa msingi wa maisha ya parokia, zina kazi hapa. Wakubwa wa jumuiya wamwendee mara ya kwanza na mara ya pili, bila kelele wala aibu ya mbele za watu. Asiposikia, mama aende tribinalini na karatasi za kuzaliwa za watoto, karatasi ya ndoa kama ipo, na daftari yake. Ikiwa baba ana mwajiri, Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 yakubali sehemu ya mshahara ikatwe kwa ajili ya malisho yanayodaiwa kwa sheria. Wako wakristu wanaodhani kwamba kumpeleka baba wa watoto mbele ya hakimu ni dhambi. Sivyo. Mama aweza kusamehe matusi aliyotukanwa yeye. Chakula cha mtoto si mali yake hata akisamehe.

KWENU WANAFUNZI

Twawajua ninyi mnaosoma gazeti hili, ambao baba na mama zenu hawakai tena nyumba moja. Kwanza, jueni kwamba ugomvi wao si kosa lenu. Pili, msikubali kubeba maneno ya vita kati ya nyumba mbili. Baba akisema, «Mwambie mama yako hivi,» jibu kwa heshima: «Baba, naomba umwambie mwenyewe, au umtume mkubwa.» Tatu, msiwachonganishe wazazi kwa kutafuta faida, mkiomba viatu kwa baba na viatu vile vile kwa mama. Na ukirudishwa shuleni kwa sababu ya malipo, usinyamaze kama kijana yule wa mfano wetu. Mwendee mwalimu, padri, mama mlezi, au mjomba. Anayenyamaza aweza kujikuta mtoni akiosha mawe, hali wenzake wako darasani.

Nanyi vijana mtakaokuwa wazazi kesho, kumbukeni kwamba deni hili laanza siku mtoto anapoanza maisha tumboni. Asiyekuwa tayari kulilipa miaka 18 na zaidi asilifungue kwa mchezo wa usiku mmoja.

NENO LA MWISHO

Katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 3, wanawake wawili waligombania mtoto mbele ya mfalme Solomono. Mfalme akaagiza upanga uletwe, mtoto akatwe vipande viwili. Mmoja akakubali. Wa pili akalia, akaomba mwenzake apewe mtoto mzima. Hapo mfalme akamjua mama wa kweli: ni yule aliyekuwa tayari kushindwa shauri lake, mradi mtoto aishi.

Wazazi wapenzi mliotengana, pengine hamtapatana tena hapa duniani juu ya mambo yenu. Juu ya mfuko wa unga, na juu ya siku ya kuonana, mwaweza kupatana. Mwezi huu tafuteni wazee wawili, kaeni chini saa moja, andikeni hesabu katika daftari. Baba apeleke unga. Mama afungue mlango. Watoto warudi shuleni.